Bi Iris na Rangi Arobaini na Saba

Simu ilipolia, Oslyn Semple alikuwa chini ya nyumba, kati ya nguzo zinazoibeba, anasugua sufuria, na laiti angejua lililomngoja angeiacha ilie mpaka ichoke. Lakini nani hapa kijijini kwetu Buxton anaweza kuiacha simu ilie? Akapanda ngazi mbio, magoti yake ya miaka sitini na minne yakilalamika kila kidato, akaipokea huku anahema.

"Shangazi Oslyn? Mimi Anjanie, wa jumba la sanaa huku mjini. Tunaandaa maonyesho ya Bwana Egbert Fordyce. Kazi zake za miaka hamsini, sanamu na picha zote, tangu alipokuwa hapa mpaka huko Uingereza. Mwenyewe anakuja!"

"Bertie anakuja?" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Anakuja. Na anasema kazi yake bora kuliko zote hakuiuza wala hakuipiga picha, aliiacha chini ya nyumba yenu. Ni kweli bado ipo?"

"Ipo."

"Iko vipi, shangazi?"

Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili zake angesema kweli, yakaisha. Oslyn akasema, "Iko vilevile alivyoiacha."

"Haijaguswa?"

"Haijaguswa."

"Ee Mungu, asante! Tutakuja kuichukua baada ya wiki mbili."

Oslyn akarudisha simu mahali pake, akakaa palepale sakafuni. Alipatwa na nini hata akasema vile? Oslyn si mwongo. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na siku alipounguza shuka moja kwa pasi alikwenda mwenyewe kwa matroni akakiri, wakati wenzake wanamnong'oneza alizike. Hakuolewa wala hakuzaa. Ndugu zake walihamia Toronto mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki na nyumba, kuku sita, nafasi yake kanisani benchi la tatu, na Bi Iris.

Bi Iris ndiye aliyekuwa mama yake. Na Bi Iris ndiyo sanamu yenyewe.

Mwaka 1959 kijana Egbert Fordyce alikuwa amepanga chumba kwao. Mchana alichonga nguzo za ngazi za nyumba za wakubwa, jioni akachonga alichotaka. Siku moja akaburura gogo kutoka kwenye kiwanda cha mbao, la ule mti wetu mgumu ambao moyo wake ni wa zambarau, akaliweka kati ya nguzo chini ya nyumba, akaligonga miezi saba. Patasi zilikuwa zinasalimu amri. Alipomaliza, mama mwenye nyumba alikuwa ameketi pale, kitambaa kichwani, ungo mapajani, anachagua mchele. Ule mdomo wake wa kukaribia kumtukana mtu alikuwa nao vilevile. Bi Iris hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, alisema kamera ni za marehemu. Kwa hiyo sura yake hapa duniani ni ile peke yake.

Oktoba, siku ya kupanda meli, Bertie aliushika mkono wa Oslyn, binti wa miaka kumi na saba, akauweka juu ya ule mti.

"Oslyn, nitarudi kumchukua. Asiguswe na mtu. Si rangi, si mafuta, si chochote. Hata wewe usimguse. Niapie."

Oslyn akaapa, macho yamemtoka. Tuseme kweli: Bertie angemwambia aape kula mawe, angeapa, tena angeulizia chumvi.

Ikaja Krismasi. Na kwetu Krismasi haithubutu kuikuta nyumba imechakaa. Mapazia yanashushwa, viti vinamwagwa uani, chenye miguu kinapigwa vanishi na kisicho na miguu kinapigwa rangi, na nyumba ambayo haijavunjwa, ndivyo tunavyouita usafi huo, na kutengenezwa upya mpaka jioni ya tarehe ishirini na nne, majirani wanaisema hadi Pasaka. Bi Iris akamaliza juu, akashuka ngazi na kopo la rangi ya maziwa lililobaki.

"Mama! Kaka Bertie alisema asiguswe!"

"Bertie yuko wapi?"

"Uingereza."

"Basi akae hukohuko na masharti yake. Meza yangu ing'ae, kabati langu ling'ae, halafu mimi nikae hapa chini nimepauka kama nimefufuliwa? Thubutu! Nipe brashi hiyo."

Akajipaka mwenyewe, uso mpaka vidole. Mwaka uliofuata akajipaka kijani. Mwaka wa uhuru akajipaka dhahabu, akajitazama, akasema sasa ndiyo amekuwa mtu. Mwaka 1971 akafariki, mwezi wa tisa. Ilipofika Desemba Oslyn alisimama mbele ya sanamu na kopo mkononi, akakumbuka kiapo chake, akageuka kuondoka. Akashindwa. Nyumba nzima ing'ae, mama peke yake abaki na rangi ya mwaka jana kama mtoto asiye na mwenyewe? Akampaka waridi huku analia, machozi mengine yakaingia kwenye kopo. Tangu hapo hakuruka mwaka. Hata mwaka wa mafuriko, wanaume wanne walipompandisha Bi Iris ngazi maji yakiwa kiunoni, Krismasi ilipofika alipata koti lake, manjano ya kiini cha yai. Koti la arobaini na saba.

Na kila Desemba Oslyn alijiambia neno moja tu: Bertie harudi.

Wiki ile ya kwanza baada ya simu hakula. Akisikia gari barabarani anakimbilia chooni. Gazeti lilipotoka na picha ya Bertie, mzee mwenye mvi na miwani meusi, alisoma maneno yake mara kumi: "Kila kitu changu kimeuzwa, kimevunjwa au kimesahauliwa. Mmoja tu najua yuko kama nilivyomwacha, maana nilimwachia mtu wa kuaminika." Oslyn alilikunja gazeti likawa dogo, akalitia ndani ya kopo la unga, kama vile likiwa kwenye unga halitasomwa na watu wengine.

Aliyemgundua ni Waveney, jirani yake, ambaye huwa anaingia bila kubisha na kuondoka bila kuaga.

"Shoga, unaumwa au una mimba?"

"Niache, Waveney."

"Sikuachi. Sema."

Akasema. Waveney alimsikiliza, akashuka chini, akamzunguka Bi Iris mara mbili, akarudi juu ameshika kiuno.

"Sasa hapo umejipalia makaa mwenyewe. Lakini rangi si ngozi. Iliingia, itatoka. Marehemu mume wangu alikuwa anakwangua mashua nzima kwa kisu na kipande cha kioo. Una kisu?"

"Ninacho."

"Basi mbona unalia?"

Ushauri wa Waveney haujawahi kumfaa mtu, na Oslyn alilijua hilo tangu wakiwa darasa la pili. Lakini woga hauchagui mshauri. Kesho yake asubuhi, kuku wakimtazama, alipiga magoti mbele ya mama yake na kisu cha jikoni. "Nisamehe, mama," akasema, akaanza na shavu la kushoto.

Manjano ilitoka kirahisi. Chini yake buluu, chini yake nyeupe, chini yake kijani cha mlango wa zamani. Akakwangua saa nzima, maganda yanamwangukia mapajani. Akaiona dhahabu ya uhuru. Akazidisha nguvu ili amalize, na papo hapo kisu kikateleza, kikazama, kikatoka na kipande cha mti kirefu kama kidole.

Alipiga ukelele hata kuku wakaruka juu ya ukuta.

Alikiokota kile kipande. Alijaribu kukirudisha kwa gundi ya viatu, kikadondoka. Akajaribu kwa unga wa muhogo uliokorogwa, kikadondoka. Jeraha lilikuwa limeachama shavuni mwa mama yake, la rangi ya kijivu. Na kama hilo halitoshi, ule mti una tabia yake. Ukiufunua ukapata hewa, zambarau yake inapanda juu taratibu. Siku ya pili jeraha lilikuwa na wekundu. Siku ya nne lilikuwa zambarau iliyoiva, sawasawa na shavu la mwanamke aliyepigwa. Oslyn akawa hawezi kushuka chini bila kujikinga macho kwa mkono. Alimpiga mama yake, ndivyo alivyojiona, alimpiga mama yake aliyekufa, na dunia nzima inakuja kutazama.

Siku gari la jumba la sanaa lilipofika, alichukua kitambaa chake cha kanisani akamfunga Bi Iris kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu.

"Huyu bibi ana jino bovu?" akauliza mmoja wa wapakiaji, wenzake wakacheka.

Anjanie hakucheka. Msichana mdogo tu, Mhindi kutoka mkoa wa Berbice, miwani na viatu vya raba. Alikuwa anaitazama ile manjano ya kiini cha yai, mdomo wazi. Kisha akalifungua fundo, kitambaa kikaanguka.

Anjanie akainama karibu na lile shavu.

"Shangazi," akasema polepole. "Nani amefanya hivi?"

Oslyn akaokota kitambaa, akaanza kukikunja.

Anjanie akamtazama usoni, akaelewa, akamwonea huruma, na huruma ile ilimuumiza Oslyn kuliko tusi. "Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi," akasema. "Jina lake limeshachapishwa kwenye vitabu, siwezi kumtoa. Lakini mimi simwambii yule mzee. Utamwambia wewe."

"Akija si ataona mwenyewe?"

"Macho yake yamekwisha, shangazi. Anaona vivuli. Siku hizi anatazama kwa mikono."

Jumamosi saa tisa alasiri Oslyn alikuwa mlangoni pa jumba la sanaa, gauni lake la buluu la mazishi na harusi, Waveney ameshika mkono wake, si kwa mapenzi bali asikimbie. Vyumba vilikuwa vitano. Cha kwanza picha, masoko na mvua na mashamba ya miwa. Cha pili na cha tatu sanamu za mawe na shaba, kubwa, zimenyamaza. Cha nne za mti. Kila moja uchi, safi, kila alama ya patasi inaonekana, na mbele ya kila moja kamba na kibao: usiguse. Kila alipokisoma kile kibao, moyo wake ulikuwa unashuka kidato kimoja.

"Tutoke," akasema. "Waveney, nimekuomba. Nitakuja kesho."

"Kesho utakuja na nani? Twende."

Chumba cha tano kilikuwa na Bi Iris peke yake. Taa inammulika. Katikati ya utulivu wote ule alikuwa ameketi na manjano yake kama mtu aliyevaa nguo za harusi akaingia matangani, shavu limevimba zambarau. Watu walikuwa wamemzunguka. Mama mmoja mwenye kofia alicheka, akajiziba mdomo. Bwana mwingine akasema kwa sauti, "Aliyeharibu hii kitu angefungwa." Oslyn alisikia mkojo unambana.

Kisha watu wakapisha. Egbert Fordyce aliingia ameshika fimbo, mwembamba, mrefu kuliko Oslyn alivyomkumbuka, Anjanie amemshika kiwiko. Alisimama mbele ya sanamu. Akampa Anjanie fimbo, akanyoosha mikono yote miwili, akaweka viganja juu ya kichwa cha Bi Iris, na uso wake ukabadilika.

Vidole vikashuka. Paji la uso. Pua. Midomo. Vikasimama.

"Huyu nani?" akauliza.

Waveney akampiga Oslyn kiwiko cha mbavu, Oslyn akajikuta amepiga hatua mbili mbele.

"Ni mama, kaka Bertie."

Alikijua kile kisauti, maana aligeuza kichwa papo hapo. "Oslyn?"

"Ni mimi."

"Nilikuapisha."

"Uliniapisha."

"Nilisema si rangi, si mafuta." Vidole vilikuwa bado vinatembea, vinapima, vinarudi. "Haya makoti mangapi?"

"Arobaini na saba. Ni ya Krismasi. Kila tulipovunja nyumba."

"Kila Krismasi?"

"Hatukuruka."

Yule bwana wa kufunga watu akaguna. Bertie akashika midomo ya Bi Iris kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyoshikwa mtoto mwenye kiburi.

"Bi Iris amenenepa," akasema.

Watu hawakujua wacheke au wasicheke.

"La kwanza nani alipaka? Sema kweli."

"Mwenyewe. Alisema ukae hukohuko na masharti yako."

Hapo Bertie alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Anjanie akamshika bega. "Nilijua," akasema. "Nikamwachia binti wa miaka kumi na saba amzuie Bi Iris kupaka rangi! Mimi mwenyewe mwaka mzima nilishindwa kumzuia kuhamisha kitanda changu."

Oslyn akaanza kuvuta pumzi. Alivuta moja tu. Maana mikono ya mzee ilikuwa imefika shavuni.

Kidole gumba kikaingia ndani ya jeraha, kikakaa. Kicheko kikafa.

"Na hapa? Hii si Krismasi."

Angeweza kusema ni mafuriko. Angeweza kusema ni wapakiaji, na wapakiaji hawakuwapo kujitetea. Uongo ulimjia wote, umejipanga, kila mmoja unasema nichukue mimi. Oslyn akakumbuka shuka la hospitali.

"Ni mimi. Wiki mbili zilizopita. Kwa kisu cha jikoni."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa."

Mzee alisimama, mkono shavuni mwa mama yule. Oslyn alimwona taya linacheza. Alijua linakuja sasa, lile aliloliogopa wiki tatu, aibu mbele ya mji mzima, na akashangaa kwamba alikuwa bado amesimama.

"Umemtunza miaka arobaini na saba," Bertie akasema, na alikuwa na hasira kweli. "Umemvisha kila mwaka. Ukaja kumkata uso kwa sababu yangu? Mimi? Kijana wa kupanga chumba, aliyeondoka anadaiwa hata sabuni?" Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Oslyn. "Huko nina sanamu kwenye majumba makubwa. Wanazipangusa vumbi kwa brashi ya manyoya. Hakuna moja inayosubiriwa Krismasi. Hakuna hata moja, Oslyn. Mjinga ni mimi niliyekuapisha."

Oslyn akalia hapo, waziwazi, mbele ya mama mwenye kofia na wote. Waveney naye akalia, ingawa baadaye alikataa.

"Anarudi lini kwao huyu?" Bertie akamuuliza Anjanie.

"Maonyesho yanakwisha Machi, bwana."

"Machi? Na Krismasi atakaa hapa na rangi ya mwaka jana? Mnataka tusemwe mpaka Pasaka? Tarehe ishirini na nne asubuhi awe Buxton. Mkitaka, mje mumchukue tena baada ya Mwaka Mpya."

Anjanie akaiandika tarehe ile kiganjani. Naye kwao huvunja nyumba kila mwaka.

Tarehe ishirini na nne saa nne asubuhi gari lilifika, Bi Iris akarudishwa kati ya nguzo zake, mapazia yamelundikana uani na viti vimepinduliwa kila mahali. Nyuma ya gari alishuka Bertie na fimbo yake, akakalishwa kwenye bembea ya kamba, akapewa glasi ya maji ya tangawizi na kipande cha keki nyeusi, akaambiwa asisogee, sakafu ina vanishi. Mwaka ule rangi iliyobaki ilikuwa buluu ya madirisha. Oslyn alipaka kitambaa, ungo, mikono. Alipofika shavuni brashi ikasimama.

"Hapa nipake?"

"Hapo paache," Bertie akasema. "Nami nipate mahali pangu."

Akalizunguka jeraha kwa ncha ya brashi, akamaliza kidevu, akainuka na kunyoosha mgongo. Waveney alipita akasema sasa bibi anafanana na kituo cha polisi, akafukuzwa. Bertie alikuwa ameshaondoka kwenye bembea. Alikuja anapapasa, mkono mbele, vidole vimeshafunguka kuutafuta ule uso.

Oslyn akaupiga ule mkono, paa!

"Usimguse!" akasema. "Hajakauka."

Mzee akaurudisha mkono wake, akarudi kukaa, akangoja.